Presha Peke Yake Haitoshi

Wapo wazazi na ndugu zetu wanaoishi Marekani ambao presha imewalazimu kuacha kazi. Wengi hudhani kwamba kipimo kikipanda, mafao ya ulemavu ya serikali yatafuata. Sivyo.

Idara ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo haitoi mafao kwa namba za kipimo pekee. Hutazama madhara ambayo shinikizo la damu limeyaleta katika moyo, ubongo, figo au macho, na iwapo yanamzuia mgonjwa kufanya kazi kwa muda usiopungua miezi 12. Aliyepooza baada ya kiharusi, au ambaye figo zake zimeshindwa, hoja yake kuu ni kiharusi au figo. Presha ni chanzo.

Basi tuwahimize jamaa zetu wasikose kliniki wala wasiache dawa. Mwili ni amana. Tena huko, anayeacha tiba aliyoandikiwa bila udhuru unaokubalika aweza kunyimwa mafao. Ripoti zote za daktari zihifadhiwe, pamoja na maelezo ya kazi alizozimudu mgonjwa zamani na zinazomshinda leo.

Ombi likikataliwa, zipo siku 60 za kukata rufaa tangu barua kupokelewa. Kwa mzazi asiyejua Kiingereza, barua hiyo huweza kulala kabatini hadi muda ukapita. Kijana wa nyumbani na amsomee siku ile ile, kwani huko nako ni kumtendea mzazi wema.

Allah awaponye wagonjwa wetu.