Shaba tupu au iliyopakwa nikeli?

Makala kuhusu vipozeo vya maji vya kompyuta imesifu mng'aro wa nikeli ikasahau maji, na kwa mtumiaji wa Singida hapo ndipo penye kazi. Visima vingi vya mkoa huu vina chumvi na floraidi. Ziwa Singidani lenyewe ni la chumvi. Anayejaza maji ya kisima kwenye kipozeo cha kompyuta atakuta ukoko mweupe kama wa birika umeziba mifereji isiyofika hata unene wa njiti ya kiberiti.

Kwa upande wa joto, shaba hupitisha wati kama 400 kwa mita kwa kelvini, nikeli 90 tu. Inatisha kusoma, lakini utando wa nikeli ni maikroni chache, hivyo prosesa haihisi tofauti. Shaba tupu hugeuka kahawia, ila hupoza vilevile.

Balaa ni kuunganisha shaba na rejeta ya alumini. Alumini huliwa taratibu, na nikeli ikichubuka haiokoi kitu.

Ndugu wasomaji, chukueni shaba tupu na rejeta ya shaba. Jazeni maji safi ya kuongezea betri, si asidi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu.