Mafundi pancha, acheni kutukatia stadi za matairi



Kuna kero ambayo wenye magari tumeizoea mpaka tumeacha kuilalamikia: kukatiwa stadi za matairi, yaani bolti zinazoshika nati, kwenye vibanda vya pancha, kisha kuambiwa gari ndilo bovu.

Mtindo ni uleule karibu kila kibanda. Tairi likishazibwa, kijana anashika mashine ya upepo, anakaza nati ya kwanza mpaka mashine inagoma, anahamia ya jirani, hivyo hivyo hadi mwisho. Pasipo na mashine, bomba la chuma huchomekwa kwenye mpini wa spana na fundi akapanda juu yake kwa miguu miwili. Mwezi uliopita, hapa Morogoro, nilikuwa nimesimama pembeni nati ya tatu ilipolia, kisha ikang'oka ghafla na kipande cha stadi ndani yake. "Mzee, hii ilikuwa imeshachoka. Nne zinatosha, nenda tu," fundi akasema. Pancha nililipa kama kawaida. Stadi nikaambiwa nikanunue mwenyewe.

Tupige hesabu. Toyota nyingi ndogo tunazoendesha zina stadi za unene wa milimita 12, na kiwango cha kiwanda cha kukaza nati zake ni nyutoni mita 103. Kwa spana yenye mpini wa sentimita 40, hiyo ni kama kukandamiza kwa uzito wa kilo 26. Mkono wa mtu mzima unatosha. Fundi wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita 1 anafika karibu nyutoni mita 690, zaidi ya mara 6 ya kiwango. Stadi iliyokazwa hivyo huvutika na njia zake za nati kuharibika. Isipokatika siku hiyo, itamkatikia msafiri anayebadili tairi usiku kati ya Dumila na Gairo, wala fundi hatakuwepo.

Sisemi nati ziachwe zimelegea. Kinachoishika rimu ni mbano unaoigandamiza kwenye habu. Mbano ukipungua, kila mzunguko wa tairi huipinda stadi kidogo kidogo mpaka inapata ufa. Ndiyo maana stadi nyingine ukiitazama pale ilipokatika utakuta upande mmoja una kutu na mwingine unang'aa: ufa ulikuwapo siku nyingi. Kwa hiyo kauli ya "nne zinatosha" ni ya hatari, kwani zilizobaki zinabeba mzigo wa iliyokatika. Stadi ikikatika, za jirani nazo zikaguliwe, na zikionyesha dalili yoyote zibadilishwe.

Kibaya zaidi, wapo wanaoichomelea stadi kwa welding. Chuma chake kimepewa ugumu kiwandani, na moto huo unauharibu. Dawa ya stadi iliyokatika si ngumu: diski au drumu inatolewa, kipande kinagongwa au kusukumwa kitoke nyuma ya habu, stadi mpya ya kipimo hichohicho inaingizwa, kisha inavutwa kwa nati na washa kadhaa mpaka kichwa chake kikae sawasawa nyuma ya habu. Mwenye kuharakisha akiigonga habu ovyo, anaua na beringi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya. Oili isipakwe kwenye stadi, maana nati huteleza na kukazwa kupita kiasi bila fundi kujua. Nati zianzishwe kwa vidole, zikazwe kwa kuruka, moja na ya upande wa pili, kisha zimaliziwe kwa spana ya kupimia mkazo gari likiwa chini. Baada ya kilomita 80 hadi 100, zikaguliwe tena.

Ombi langu ni kwa halmashauri zinazotoa leseni za biashara: kibanda cha pancha kisipewe leseni bila spana ya kupimia mkazo na mtu anayejua kuitumia. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo vingetufaa sana kwa kozi fupi ya matairi kwa vijana hawa, ambao wengi wamejifunza kwa kutazama tu. Na iwe kanuni ya kazi kwamba anayekata stadi kwa kukaza kupita kiasi ndiye anayeilipia.

Nanyi madereva wenzangu, msikae kwenye gari mkichezea simu tairi linapofungwa. Shukeni, simameni karibu, na fundi akichukua bomba, mwambieni aliweke chini.

Msomaji,
Kihonda, Morogoro