Rudisheni Matope Kwenye Picha

Nianze kwa kukiri. Ile picha ya maporomoko ya Keumbu iliyozunguka kwenye simu zenu, ile yenye maji meupe kama shela la bibi harusi, niliipiga mimi. Na maji yale hayakuwa meupe.

Ukitoka Kisii kwenda Keroka lazima upite Keumbu, pale akina mama wanapokimbilia madirisha ya matatu na ndizi mkononi. Shuka hapo, teremka bondeni kati ya migomba na majani chai, utakuta kijito kinachokwenda kuingia mto Gucha. Kuna mahali kinaruka mwamba. Si Niagara, mazee. Ni urefu wa watu wawili, mmoja akimpanda mwenzake mabegani. Nilienda mwezi wa nne, mvua imekolea. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Wanawake watatu walikuwa wanachota, mitungi yao ya lita 20 imepangwa kwenye jiwe.

Nikasimamisha traipodi, nikafunga filta ya kioo cheusi mbele ya lenzi, nikaacha shata wazi kwa sekunde mbili. Ndivyo maji yanavyogeuka hariri: kila tone linachora mstari, mistari inaungana, kishindo chote kinakuwa ukungu. Kisha nikarudi nyumbani kuediti.

Sasa sikiliza hii. Programu za kuediti hukuruhusu kugusa rangi moja moja: nyekundu, chungwa, njano, kijani. Matope yetu yanaangukia kwenye chungwa. Ukishusha chungwa, maji ya kahawia yanakuwa kijivu. Ukiongeza mwanga kidogo, yanakuwa meupe. Tatizo ni kwamba ngozi yetu pia inakaa kwenye chungwa. Nilipousafisha mto, wale wanawake watatu wakageuka rangi ya majivu, kama maiti. Nikafanya nini? Nikawafuta. Wao, mitungi yao, na chupa ya soda iliyokuwa imenasa kwenye mawe. Dakika nne, kazi kwisha.

Picha ikatembea. Watu wakaandika “paradiso”, wakauliza kiingilio ni pesa ngapi. Nikafurahi, nisidanganye.

Miezi miwili baadaye mamangu mdogo, ambaye hunywa maji ya kijito hicho, akanipigia simu. Yeye na wenzake walikuwa wamekwenda kwenye ofisi moja kulalamika: juu yao watu wamelima mpaka kwenye ukingo wa maji na kupanda mikaratusi, na mvua ikinyesha wanachota udongo. Bwana wa ofisi akawasikiliza, akatoa simu yake, akawaonyesha picha. “Si mto wenu ndio huu? Huu una shida gani?”

“Mwanangu,” mamangu mdogo akaniuliza, “huo mto ulioupiga wewe uko wapi, tuhamie huko?”

Sikuwa na jibu. Bado sina. Ndiyo maana ninaandika.

Najua utetezi wetu, nimeutumia miaka. Eti kila picha ni uongo kidogo. Kweli, kamera haioni kama jicho. Kivuli kinachoonekana vizuri ukiwa umesimama pale hutoka cheusi tii kwenye picha, na kukiinua kidogo ni kumrudishia mtazamaji kile ambacho wewe ulikiona. Nyoosha upeo wa macho uliopinda. Punguza mwanga wa anga. Sina ugomvi na hayo. Lakini rangi ya maji ni habari. Maji ya kahawia yanakwambia kwamba huko juu shamba linahama. Ukiyapaka weupe umefuta habari yenyewe, wala hujarekebisha kosa lolote la kamera.

Na habari hiyo ni nzito. Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, juu ya vilima vyenye mteremko mkali. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, wana wakagawia wajukuu, kipande kikabaki chembamba kama ukanda kinachoteremka hadi majini. Nani ataacha mita kadhaa za ukingo bila kulima? Mkaratusi nao unakua haraka na nguzo zake zina soko, ingawa unakunywa maji bila huruma. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing’olewe kwenye vyanzo vya maji. Nenda bondeni leo uniambie kama hukuikuta.

Udongo huo haupotei. Gucha, ambao Wajaluo wanauita Kuja, unaubeba hadi maporomoko ya Gogo kule Migori, penye kituo kidogo cha umeme cha megawati 2, kisha unashuka Nyatike kuelekea Ziwa Victoria. Nyatike wanaujua mto huu kwa mafuriko yake. Kwa hiyo nilipofuta kahawia, sikumfutia mamangu mdogo peke yake. Nilifuta ushahidi wa watu wa bonde zima.

Wewe wa Nairobi usicheke ukidhani haya ni mambo ya ocha. Hebu tafuta picha za Fourteen Falls kule Thika. Utaona povu jeupe na maji yanayong’aa. Nenda mwenyewe usimame pale na pua yako. Mto ule ni Athi, umepokea maji ya Mto Nairobi, yaani umepokea uchafu wako na wangu. Na siku nyingine hilo povu jeupe si la maji kuruka.

Kuna watakaosema: urembo unaokoa. Watanikumbusha Yosemite kule Marekani, ambapo picha za Carleton Watkins za mwaka 1861 zilisaidia kuwashawishi wakubwa wa Washington, na mwaka 1864 bonde lile likawekwa chini ya ulinzi. Ni kweli. Lakini bonde lile lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee. Waliendelea kusukumwa, na mwaka 1969 nyumba za mwisho za kijiji chao zikaondolewa. Picha ya bonde tupu ikawahi. Utupu wenyewe ukafuata. Mimi nilihitaji dakika nne kuwatoa watu wa Keumbu kwenye mto wao. Usinihakikishie kwamba hakuna mwekezaji atakayeipenda picha hiyo.

Halafu, kusema ukweli, hata kama urembo tu ndio unaoutaka, kwani kahawia ina ubaya gani? Acha shata wazi sekunde mbili kwenye maji ya matope, utapata kitu kama uji wa wimbi unaomiminwa. Ni maridadi. Tumefundishwa tu kwamba maji mazuri ni yale ya kalenda za Uswisi, nasi tunashusha chungwa mpaka mto, udongo na sisi wenyewe tufanane nayo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wapiga picha wenzangu. Acheni rangi ya maji mliyoikuta. Acheni watu mliowakuta. Andikeni mwezi na mwaka, ili anayekuja kesho ajue mto ulikuwaje jana.

Mimi nimeifuta ile paradiso, na mahali pake nimeweka ile ya kwanza: chai ya maziwa, mitungi, chupa ya soda. Wanawake wenyewe nilikwenda kuwauliza kwanza, jambo ambalo sikulifanya wakati wa kuwafuta. Imepata laiki chache sana. Mamangu mdogo ameniomba nakala mbili kubwa, zilizochapishwa. Moja ataitundika kwake. Nyingine anairudisha kwenye ile ofisi.