Kura 21 za Magarini, na vijana ambao hawamo kwenye sajili



Uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025 umepita. Kule Magarini, Harrison Garama Kombe wa ODM amerudi bungeni kwa kura 17,909, naye Stanley Kenga wa DCP akapata 8,907. UDA haikuweka mtu. Wakubwa walikuwa wameshapatana huko Nairobi kuachiana viti, na ODM ilikuwa imetoka tu kumzika Raila Odinga mwezi wa Oktoba. Basi tofauti ikawa kubwa, hakuna wa kusema nihesabieni tena. Wachambuzi wakauita mtihani wa serikali katikati ya muhula, wakahesabu nani kapata viti vingapi, kisha wakahamia habari nyingine.

Sisi hatumpigii debe mtu hapa. Ashinde Kombe, ashinde Kenga, huo ni uamuzi wa watu wa Magarini na tunauheshimu. Kinachotukera ni kile kilichotangulia: miaka mitatu na zaidi ya makaratasi, kesi na ofisi isiyo na mwenyewe, na vijana ambao siku ya kura ilipofika hawakuwa na ruhusa hata ya kusimama kwenye foleni.

Kwa wasiokumbuka, Agosti 2022 Kombe alitangazwa mshindi kwa kura 11,946 dhidi ya 11,925 za Kenga. Kura 21. Jaza matatu moja ya abiria 14, na nyingine nusu, ndio hao. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya Malindi, na Machi 2023 uchaguzi ukabatilishwa. Rufaa ikapanda ngazi kwa ngazi, na mbunge akaendelea kukaa kwenye kiti, mpaka Mahakama ya Juu ilipotoa neno la mwisho Mei 2025 kwamba ule uchaguzi haukusimama.

Hesabu wewe mwenyewe. Muhula wa mbunge ni miaka mitano. Karibu mitatu imeliwa na swali la nani alishinda. Katiba inaipa Mahakama Kuu miezi sita kumaliza kesi ya mbunge, na sheria ikaipa Mahakama ya Rufani miezi sita pia. Kesi ya urais Mahakama ya Juu inaimaliza kwa siku 14. Lakini kesi ya mbunge ikifika Mahakama ya Juu, hakuna saa inayohesabu. Mwananchi wa Adu au Garashi anangoja tu. Hili Bunge linaweza kulirekebisha likitaka, na hatujasikia mbunge wetu hata mmoja wa Pwani akilibeba kama lake.

Na kiti kilipokuwa wazi, bado mambo hayakuwa mepesi. Katiba, kifungu cha 101, inasema uchaguzi mdogo ufanywe ndani ya siku 90. Magarini wakangoja miezi sita. Hiyo bado ni afadhali. Nendeni Banissa, kule Mandera kwa ndugu zetu. Mbunge wao, Kulow Maalim Hassan, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki Machi 2023. Wamepata nafasi ya kumchagua mwingine siku hiyo hiyo ya Novemba 27, 2025. Siku 90 zikawa miezi 32! Eneo bunge zima la Waislamu wafugaji, mpakani, lenye shida ya maji na usalama, likakosa mtu wa kusimama bungeni kwa zaidi ya nusu ya muhula. Fedha bill ya 2024 ilipita mikononi mwa wabunge, vijana wakaingia barabarani nchi nzima, na Banissa haikuwa na kura ya ndio wala ya la.

Sababu ilikuwa ni IEBC. Tume ilikuwa jina tu. Baada ya mzozo wa Bomas, makamishna wanne walioyakana matokeo ya urais wakatoka mmoja mmoja, na Januari 2023 marehemu Wafula Chebukati na wenzake wawili wakamaliza muda wao. Ofisi ikabaki na makarani na walinzi. Wanasiasa wakaanza mazungumzo ya Bomas, sheria ikabadilishwa Julai 2024, jopo la kuteua likachelewa, kesi zikafunguliwa, mpaka Julai 11, 2025 ndipo mwenyekiti Erastus Ethekon na makamishna sita walipoapishwa. Miaka miwili na nusu nchi haina tume ya uchaguzi. Mipaka ya maeneo bunge, ambayo Katiba ilitaka ipitiwe upya kufikia Machi 2024, ikapitwa na tarehe.

Wanasiasa wote walikuwa na mkono katika kuchelewa huko, wa serikali na wa upinzani. Kila upande ulitaka uhakika kwamba refa si wa mwenzake. Tunaelewa hofu hiyo, hata sisi tunayo. Lakini aliyelipia ni mwananchi.

Sasa tuje kwa vijana, maana hapa ndipo roho inapouma. Mtoto aliyekuwa na miaka 15 Agosti 2022 alikuwa ametimiza 18 kufikia Agosti 2025. Tume ilianza tena kusajili wapiga kura Septemba 29, 2025, na inasema inalenga watu wapya milioni 6.3 kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Vizuri. Ila Sheria ya Uchaguzi inasema eneo lenye uchaguzi mdogo, usajili unafungwa tangu kiti kitangazwe kuwa wazi mpaka siku ya kupiga kura. Maana yake, wenzao wa Kilifi na Malindi walipokuwa wanaitwa waende kujisajili, kijana wa Gongoni au Marafa alikuwa amefungiwa mlango, na ndiye aliyekuwa na uchaguzi mbele yake!

Sheria hiyo ina mantiki yake. Kiti kikiwa wazi, bila kizuizi, watu wataletwa kwa malori kutoka kwingine wajisajili, tunajua. Lakini iliandikwa kwa kudhani pengo ni siku 90. Ukiiweka juu ya nchi isiyo na tume kwa miaka miwili na nusu, inageuka kuwa kitu kingine. Kwa hivyo tukisikia watu wakisema vijana wa Magarini hawakujitokeza, tunauliza, walijitokeze wapi? Wengi hawamo kwenye kitabu.

Kuna na wengine. Julai 2023 hapa Kilifi, ndugu zetu Wapemba walitambuliwa rasmi na Rais kuwa jamii mojawapo ya Kenya, wakaanza kupewa vitambulisho. Hawa ni watu waliozaliwa hapa, wazazi wao wamezaliwa hapa, wameoa na kuolewa hapa, na miaka yote walikuwa wakivua samaki wakiwakimbia polisi kwa kukosa kipande. Siku waliyopewa kipande ilikuwa furaha ya machozi. Lakini angalia tarehe. Julai 2023, tume haina kamishna hata mmoja. Mtu amengoja uraia maisha yake yote, anaupata, anaambiwa asubiri tena.

Kwetu Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki hili la karatasi si geni. Mwaka 1992 chama cha IPK kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha dini. Sheikh Khalid Balala, aliyekuwa sauti kubwa ya vijana wa Mombasa wakati huo, alipokwenda nje serikali ilikataa kumpa pasipoti upya, ikidai si Mkenya, akakwama Ujerumani mpaka 1997. Hakuhitaji kufungwa jela. Karatasi ilitosha. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri ile, na ndio maana mzee wa msikitini akiona karani anageuza geuza cheti cha kuzaliwa, anaanza kusoma dua.

Kisha kuna msasa. Kwa miaka, kijana anayeitwa Kahindi akipeleka karatasi zake anaambiwa rudi wiki ijayo. Anayeitwa Abdulrahman anaambiwa lete kitambulisho cha babu, lete hati ya shamba, lete wazee watatu wakae mbele ya kamati. Februari 2025 Rais alitia saini Wajir tangazo la kufuta msasa huo wa ziada. Tulishukuru, na tunashukuru bado. Ila tangazo linasainiwa Wajir na dirisha liko huku. Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa hapa Tezo alirudishwa mara tatu na ofisi moja, mara ya tatu akaulizwa kama babu yake alikuja na jahazi. Babu yake ni Mgiriama aliyesilimu! Alicheka akitueleza, lakini hakurudi tena. Huyo ni mmoja ambaye 2027 hatakuwa kwenye foleni, na hakuna fomu itakayoonyesha kwamba alinyimwa kura. Kwenye takwimu ataitwa kijana asiyejali.

Na tuseme na upande wetu pia. Kura 21 za 2022 hazikupotea kwa serikali peke yake. Kila kituo cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700, na kikimaliza kuhesabu kinajaza Fomu 35A. Afisa anatia saini, mawakala wa wagombea wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni, kisha zote zinakwenda kujumlishwa kwenye 35B. Mwaka 2017 uchaguzi wa urais mzima ulianguka Septemba 1 kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, ya fomu za aina hii. Sasa wakala wetu ni nani? Mara nyingi ni binamu wa mgombea, hajapewa chakula tangu alfajiri, hajafundishwa, saa nne usiku amechoka anataka kulala, anaambiwa tia saini hapa anatia. Tofauti ikiwa elfu tisa hakuna madhara. Ikiwa 21, ile saini ya usingizi ndiyo inayopeleka eneo bunge mahakamani miaka mitatu.

Halafu kuna madalali. Wanapita nyumba kwa nyumba wiki ya mwisho, mia mbili, leso, pakiti ya unga. Wabaya zaidi hawanunui kura, wananunua kipande chenyewe wakae nacho mpaka uchaguzi upite, ili usipige kabisa. Masheikh wetu wametufundisha kwamba kura ni ushahidi na ni amana. Mtu hauzi ushahidi wake kwa unga wa siku mbili. Na dada zetu, ambao ndio wanaofuatwa zaidi kwa sababu ndio wanaojua sufuria iko tupu, tunawaomba: unga ukiletwa, kipande kisitoke sandukuni.

IEBC imeonyesha inaweza kuuma ikitaka. Kule Kasipul iliwatoza wagombea wawili shilingi milioni moja kila mmoja kwa fujo za kampeni. Mbeere Kaskazini mshindi alipita kwa kura chini ya 500, na Malava kwa chini ya 1,500, tena kwa lawama nyingi za vurugu na za mawaziri kupiga kambi na mali ya umma. Kwa hivyo kura chache zilizoamua Magarini 2022 si ajabu ya Magarini peke yake. 2027 kutakuwa na viti vya namna hiyo vingi, na vingine vitakuwa vya wadi, vya watu unaowajua kwa jina.

Tunachoitaka tume ni kitu kidogo. Usajili ulipoanza tena 2025 ulikuwa kwenye ofisi za maeneo bunge na vituo vya Huduma. Mtu wa ndani ndani ya Tezo ilimbidi apande boda mpaka barabarani, kisha matatu mpaka Kilifi mjini, aache kibarua cha siku, na nauli ilikuwa ya kwake. Mtu wa Adu ndio usiseme. Leteni mashine kwenye wadi. Leteni kwenye uwanja wa shule, kwa naibu wa chifu, hata nje ya msikiti na kanisa siku ya ibada, watu wako pale tayari. Magarini mfungue usajili haraka na muwape siku za ziada, kwa sababu wao walifungiwa wakati wengine wanasajiliwa. Na watu wanaofanya kazi kwenye chumvi kule Gongoni, au Mtwapa na Mombasa, waelezwe wazi kwamba wanaweza kuhamisha kura yao, na waelezwe ni wapi, kwa Kiswahili, si kwa tangazo la gazeti la Kiingereza.

Huku Tezo tumeanza na orodha. Kila maskani inaandika waliotimiza 18 tangu Agosti 2022: nani ana kipande, nani anangoja, nani amerudishwa na aliambiwa nini. Waliorudishwa tunataka tarehe na maneno waliyoambiwa, tupeleke malalamiko kwa maandishi. Wenye kipande wasisubiri, waende na kipande chenyewe, kwa sababu karatasi ya kungojea haikubaliki kwenye usajili. Ukiwa Tezo, Matsangoni au Mnarani na mko watano au zaidi ambao hamjasajiliwa, tuandikieni tupange siku moja, tuchangie matatu, twende pamoja asubuhi kabla foleni haijawa ndefu.