Tope la Maji Machafu Shambani

Mkulima hodari hatupi kitu kiwezacho kurutubisha ardhi yake. Kwa hiyo si ajabu kwamba tope linalotuama katika mabwawa ya maji machafu, kama yale ya Dandora yanayopokea sehemu kubwa ya maji machafu ya Nairobi, huonekana kuwa mali. Lina naitrojeni na fosforasi, navyo ni chakula cha mimea. Lakini ndani yake mna adui asiyeonekana kwa macho, na yampasa mkulima amjue kabla ya kuleta gari la kwanza shambani.

Maji machafu hukusanya vinyesi vya watu wa mji, wazima na wagonjwa pamoja. Uchafu unapotuama, vijidudu vingi hutuama pamoja nao. Humo huweza kuwamo bakteria za homa ya matumbo na za kuhara damu, pamoja na mayai ya mchango. Bakteria nyingi hufa kwa jua na ukavu baada ya majuma au miezi, bali mayai ya mchango huweza kukaa udongoni miaka kadha. Tope lililokauka na kuishiwa na harufu si lazima liwe salama, maana pua haiwezi kupima bakteria.

Adui huyo humfikia mtu kwa njia nyepesi. Hushika mikononi mwa mpalizi asiyenawa. Hurushwa na matone ya mvua juu ya majani ya mboga. Hugandamana na karoti na vitunguu. Dhania na nyanya za kachumbari haziingii chunguni, na mtoto wa mnunuzi huugua bila mtu kujua ugonjwa umetoka shamba gani.

Dawa yake ni joto au muda. Mji wa Milwaukee, Marekani, umeuza mbolea ya tope lililokaushwa kwa moto tangu mwaka 1926. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inataka tope liundikwalo kuwa mboji lifikie joto la digrii 55 kwa siku 15 au zaidi, nalo lipinduliwe mara tano, ili lipate daraja la kwanza. Tope la daraja la pili, ambalo halikusafishwa kabisa, lina masharti: mazao yanayogusa udongo yasivunwe kabla ya miezi 14, na yale yanayokua chini ya ardhi huenda yakangojewa hata miezi 38.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2006 kwamba kinyesi kihifadhiwe mwaka mmoja au zaidi mahali penye joto lipitalo digrii 20, na mwaka mmoja na nusu hata miwili penye baridi, bila kuongezewa kingine kibichi. Wakulima wa nyanda za juu wasihesabu basi kama wenzao wa pwani.

Asiyejua tope limetoka wapi wala limekaa muda gani, asilitie katika bustani ya mboga. Amwulize kwanza afisa wa kilimo au wa afya. Mbolea ya bure inayoleta homa ya matumbo nyumbani ni ghali kuliko gunia lolote la dukani.