Toa Hicho Kijicho Kwenye Saa Yako

Wasee wa Thika na Ruiru, leo tutakosana. Kile kivimbe cha kioo kilicho juu ya tarehe ya saa yako hakikusaidii kusoma chochote. Una miaka 21. Matatu ikiwa bado mbali unasoma kama ni 237 ama 145 kabla makanga hajafungua mdomo. Halafu unaniambia huwezi kuona "14" iliyo hapo mkononi bila lenzi? Wacha zako.

Uko nacho kwa sababu kinafanana na cha Rolex. Basi.

Na hata Kiswahili kilishatuchoma mapema. Kijicho ni jicho dogo, lakini pia ni wivu. Neno moja, na yote mawili yako mkononi mwako.

Hiyo lenzi haikuzaliwa na ubaya. Rolex walitoa Datejust mwaka wa 1945, saa inayobadilisha tarehe yenyewe kwenye kidirisha kidogo. Lenzi ikafuata miaka ya 1950, wakaiita Cyclops, jina la yule jitu wa jicho moja wa hadithi za Wagiriki. Inakuza tarehe mara mbili na nusu. Kwa mtu ambaye macho yamechoka, hiyo ni kazi safi, sina neno. Shida ilianza pale kila mtengenezaji wa saa za bei rahisi alipogundua kwamba ukibandika kivimbe hapo, mtu akiwa mita tatu atadhani ni ile yenyewe. Na cha kuchekesha, nyingi za kuiga hata hazikuzi vizuri. Tarehe inabaki ndogo vile vile, ila sasa inaangaliwa kupitia tone la kioo. Ukiitazama kwa kando inapinda, huisomi kabisa. Yaani umelipia kitu kinachokupunguzia kuona!

Nenda Kamakis Jumamosi jioni uangalie mikono ilivyowekwa juu ya meza. Hakuna anayekaa hivyo kawaida. Mkono wa kushoto uko mbele ya sahani ya nyama, mkono wa shati umevutwa juu kidogo, kijicho kinametameta chini ya taa. Ukimuuliza saa ngapi, anatoa simu.

Hapa ndipo mimi hukasirika. Juni 2024 vijana wa umri wetu walikuwa barabarani kukataa Mswada wa Fedha. Kwenye simu tulianika saa za wanasiasa, tukavuta picha karibu, tukatafuta bei, tukauliza ni mshahara gani unanunua kitu kama hicho. Tulikuwa sawa kabisa. Sasa nieleze: saa iliyokufanya umwite mtu mwizi, mbona unavaa kivuli chake? Ukimcheka kwa kuvaa na wewe unaigiza kuvaa, hukuwa unapinga tabia yake. Ulikuwa unalia kwamba zamu yako haijafika.

Najua mtasema, "Lakini si ndio muundo wa saa?" Hapana. Rolex wenyewe walitengeneza Sea-Dweller, saa ya wapiga mbizi, kuanzia 1967 bila hiyo lenzi. Walipoibandika 2017, kuna mashabiki walilalamika kwamba saa imeharibiwa. Seiko nao waliiweka kwenye baadhi ya saa zao za kuzamia, na kuna wanunuzi walioibandua wakiwa mezani nyumbani. Hao ni watu waliolipa pesa nzuri, na hawakuona shida kutoa.

Kwa hivyo toa. Kwanza angalia saa kwa kando, kwenye mwanga. Kama lenzi imebandikwa, utaona mstari mwembamba pale inapokutana na kioo, na ukucha utakwama hapo. Kama kioo ni plastiki na kivimbe kimetengenezwa pamoja nacho, hakuna cha kubandua, usijisumbue. Mwambie fundi akuwekee kioo bapa. Yule mzee wa kisanduku cha kioo pale barazani amefanya hiyo kazi kabla hujazaliwa, msalimie vizuri.

Iliyobandikwa inashikwa na gundi, na gundi huogopa joto. Tumia draya ya nywele, polepole, ukielekeza kwa lenzi tu, kisha isukume kwa kando na kipande cha kadi ya benki iliyoisha muda. Ikikataa, rudia joto kidogo. Ikikataa tena, achana nayo uende kwa fundi. Kuna vidio za watu wanachoma na kiberiti cha gesi. Wanajua wanachofanya, ama wana saa nyingi za kuharibu. Kioo cha kawaida kikipata moto wa ghafla sehemu moja hupasuka, na ukikimwagia maji ukiona kimepata joto, hapo umekimaliza wewe mwenyewe. Joto likizidi pia linaharibu ule mpira wa kuzuia maji, kwa hivyo usiende kuogelea na hiyo saa mpaka ikaguliwe. Gundi iliyobaki inatoka kwa asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha, tone moja kwenye pamba. Isiguse plastiki, isiguse mpira.

Wa pili kulalamika atakuwa yule wa "utaipunguzia bei." Bei gani, buda? Ulinunua kwa mtu aliyezitandaza kwa gunia, saa hiyo haikuwa inangoja mnada Geneva. Na kama yako ni Rolex ya ukweli, funga hii simu uende ukalale, sikuongelea wewe.

Halafu kuna anayeogopa kugusa kitu chake mwenyewe. Huyu ananishangaza zaidi. Tumekulia kwenye mji wa viwanda, tumezungukwa na jua kali, kila mtaa una mtu anayefungua injini, redio, pasi na simu. Lakini saa ya bei ya viatu vya mtumba tunaiogopa kama maiti. Ni kioo na gundi.

Swali la mwisho, nimeulizwa mara nyingi: na lile jina lililoandikwa ndani, chini ya taji? Hilo draya haitoi. Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi tangu 2008, na kubandua lenzi hakugeuzi bandia kuwa halali. Ukishatoa kijicho na jina bado liko, umebaki na uongo usiokuzwa. Hiyo iuzie nani sasa? Usiiuze. Itoe betri, itumie kujifunzia kufungua mgongo wa saa, na mwezi ujao ununue ile isiyo na jina la mtu.