Nimeokoka Mara Nne, Inatosha

Tangu nianze mwaka wa kwanza hadi sasa niko wa tatu, nimeokoka mara nne. Sitanii. Kila semina ya mwanzo wa muhula, mhubiri akiita watu mbele na mimi nimo. Naongozwa sala ya toba, jina linaandikwa kwenye daftari, napongezwa. Wiki tatu baadaye boom linaingia, naweka mkeka, mkeka unachanika, na moyoni nasikia sauti ile ile: wewe bado hujaokoka. Basi nasubiri semina ijayo.

Najua siko peke yangu. Kwa mwenzangu si kubeti. Ni picha za kwenye simu saa sita usiku, ni hasira, ni kuingia na desa kwenye mtihani. Wengine wameshaacha kabisa kuja ushirika. Hawakuacha kwa sababu hawamwamini Yesu. Wamechoka kujifanya. Kwa ajili yao nimeandika haya.

Hoja yangu ni hii: tumechanganya wokovu na ushindi wa wiki hii. Nikishinda, nimeokoka, nikianguka, sijaokoka. Kwa hesabu hiyo anayeniokoa ni mimi mwenyewe, na Kristo amebaki mtazamaji tu.

Nimekulia Makambako, lakini likizo nyingi nilikuwa kwa bibi, Njombe. Bibi ni Mlutheri wa siku nyingi. Kila Jumapili, baridi iwe kali vipi, yuko kanisani anaungama dhambi pamoja na wenzake, kisha anasikia msamaha ukitangazwa. Likizo iliyopita nikamuuliza, "Bibi, kwa umri huu bado una dhambi gani?" Akacheka. "Mjukuu wangu, ulimi huu huujui. Ila mimi naungama kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Siungami ili niwe mtoto." Akaendelea kumenya viazi.

Bibi hakulitunga hilo. Martin Luther, alipokuwa mtawa kule Ujerumani, aliungama kwa saa nyingi na bado hakupata amani. Aliipata aliposoma Waraka kwa Warumi na kuona kwamba haki ya Mungu ni zawadi inayopokelewa kwa imani. Ndiyo maana akafundisha kuwa Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Soma mwenyewe waraka huo: sura ya 7 Paulo analia kwamba lile baya asilolitaka ndilo analolitenda, sura ya 8 inaanza kwa kuwatangazia walio wa Kristo kuwa hukumu imeondoka. Hakuokoka upya kati ya sura hizo mbili.

Hata ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kupitia Uganda ukafika Bukoba, hawakuishia kuokoka tu. Walikutana mara kwa mara kuambiana makosa yao waziwazi, wakaita kutembea nuruni. Sisi tumerithi swali lao, "Umeokoka?", tukaacha kikao chao.

Watu wa Makambako tunaijua TAZARA. Kipande cha Mlimba kuja kwetu ndicho kilichowatesa sana wajenzi: milima, mabonde, madaraja, mahandaki. Abiria anayepita humo gizani anaweza kuogopa, lakini woga wake haufuti tiketi yake. Sijaona mtu anashuka kila handaki kwenda kukata tiketi nyingine. Mimi ndivyo nimekuwa nikifanya, na tiketi yenyewe sikulipa mimi.

Kuna atakayesema, "Kumbe basi tutende dhambi tu, tiketi ipo!" Paulo aliulizwa hilo na akalikataa kabisa katika sura ya 6. Kuna tofauti kati ya mtu anayepigana na dhambi na mtu aliyepatana nayo. Anayelia kwa sababu ameanguka, kilio chenyewe kinaonyesha kuna uhai ndani yake. Maiti haisikii maumivu. Ila kama nabeti huku nachekelea, tena naitetea, hapo nina haki ya kujihoji. Najua pia wapo Wakristo wenzangu wanaofundisha kuwa mtu anaweza kuupoteza wokovu. Nawaheshimu. Lakini hata wao, sidhani wanafundisha kwamba unapotea kila Jumanne na kurudi kila Jumapili.

Kwa viongozi wa ushirika wetu nina ombi. Tukiita watu mbele, tuwe na nafasi ya wale wanaosema, "Mimi ni wa Yesu, lakini nimeanguka, nisaidieni." Tuwe na vikundi vya watu wawili watatu wanaoaminiana na kutunza siri. Na mtu akiungama leo, tusimtoe kwaya kesho kabla hatujakaa naye. Tukifanya hivyo, keshokutwa nani atafungua mdomo?

Semina ya muhula huu nitakwenda, ila mbele siendi kuokoka mara ya tano. Badala yake nimemweleza rafiki yangu mmoja kila kitu, kuanzia mkeka wa kwanza. Boom likiingia linakaa kwake, na mimi kila Jumatatu namwomba hela ya chakula. Aibu ipo, sikatai. Lakini usingizi nao umerudi.